Mikono Yetu Nayo Ichunguzwe

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wetu hulicheka kabla ya kulijua. Jambo lenyewe ni upasuaji wa kurekebisha viungo vya mwili, hasa mkono, na utafiti ufanywao juu yake. Madaktari huuita upasuaji wa plastiki. Ukilitaja jina hilo bwenini, mmoja atasema ni kazi ya kubadili pua za matajiri na waigizaji wa sinema; mwingine atauliza kama mgonjwa hushonewa ngozi ya ndoo. Maoni yangu ni haya: upasuaji huu ni wa mkulima, mvuvi na mama wa jikoni kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Wala utafiti wake usiachwe uwe kazi ya nchi za mbali peke yake, maana mikono iliyoumia tunayo sisi, na macho ya kuitazama tunayo pia.

Nianze na jina. Neno hili asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi aufinyangavyo udongo. Madaktari wa Ulaya walilitumia zaidi ya miaka 200 iliyopita, wakati ndoo za plastiki hazijafikiriwa na mtu. Kazi yenyewe ni ya zamani zaidi. Katika Bara Hindi, tangu kale, waganga walijua kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua, kwa kugeuza kipande cha ngozi ya paji la uso na kukiteremsha chini. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari ya pua iliyofinyangwa hivyo, na madaktari wa Ulaya wakajifunza kwa Wahindi. Baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari waliopasuliwa nyuso kwa risasi na mizinga. Hospitali yake ya Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1917, na waliopita mikononi mwake na mwa wenzake ni zaidi ya watu 5,000. Hao hawakuwa matajiri waliotaka uzuri. Walikuwa vijana waliotaka kula na kuzungumza tena mbele ya watu.

Sasa tuutazame mkono. Mkono wa mtu, toka kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 27. Lakini jambo la ajabu ni kuwa vidole havina misuli ya kuvikunja ndani yake. Misuli mikubwa ikunjayo vidole imekaa juu, kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu, kama baharia avutavyo tanga kwa kamba. Ukitaka kuhakikisha, shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, kisha kunja na kukunjua vidole: utasikia misuli ikienda chini ya ngozi. Kwa hiyo panga likimkata mtu kifundoni, hata kama kidonda ni kidogo na damu imekatika upesi, yawezekana kamba zimekatika pia. Ngozi ikishonwa juu, kidonda kitapona, lakini kidole hakitakunjika tena, kama tanga lisilo na kamba.

Na sisi watu wa Rufiji twaishi kwa mikono. Kwetu Mbwara mtu hulima kwa jembe la mkono, hufyeka kwa panga, hupasua kuni kwa shoka, na mwanamke hutwanga, husuka ukili, na hupika kwenye mafiga matatu ambayo mtoto aambaaye huyafikia bila shida. Mvuvi naye huvuta wavu wake kwa mikono hiyo hiyo katika maji yenye mamba. Hapa shuleni pia, siku ya kazi za nje, tunashika mafyekeo na mapanga, na sidhani kama yupo kiranja wa zamu ambaye hajawahi kumpeleka mwenzake kufungwa kidole. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walikuwa wakifundisha umoja, lakini wasemalo ni kweli hata kwa mkono wenyewe: mtu aliyebaki na kidole kimoja kifanyacho kazi hana mkono.

Ninaye mdogo wangu wa kike, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye sasa ana miaka minane. Alipokuwa na miaka mitatu aliunguzwa na maji ya moto katika kiganja cha kulia. Alipelekwa mahali pa matibabu, kidonda kikasafishwa na kufungwa kwa majuma kadhaa, na kilipokauka kila mtu alishukuru. Lakini hapana aliyewaambia wazazi kuwa kovu halilali. Kovu la moto huendelea kujikunja kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, na likiwa kiganjani huvivuta vidole pamoja nalo. Ilitakiwa mkono ule ufungwe kwenye banzi, vidole vikiwa vimenyooka, na mtoto azoezwe kuvinyoosha kila siku. Haikufanyika. Leo kidole kidogo, cha pete na cha kati vimelala kiganjani. Kalamu huishika kwa vidole viwili, na mwandiko wake ni mzuri, lakini mchi hawezi kuushika, wala kusuka ukili kama wenzake.

Likizo ijayo wazee wetu watakaa wazungumze kama apelekwe kupasuliwa au aachwe. Bibi anasema kuwa ndivyo Mungu alivyopenda. Baba mkubwa anauliza nani atalipa nauli na nani atalala naye hospitalini wakati wa kuvuna. Baba yake anaogopa kuwa kisu kitaharibu hata vile viwili vilivyobaki. Hayo yote ni maneno ya watu wampendao, nami siwezi kuyadharau. Lakini ni lazima wajue jambo moja ambalo madaktari wamelijua kwa kuwafuatilia wagonjwa: mtoto hukua, mifupa yake hurefuka, na kovu halirefuki pamoja naye. Kila mwaka unaopita, viungo vya vidole huzidi kukakamaa. Kazi iliyo ndogo leo yaweza kuwa kubwa akiwa na miaka kumi na sita. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Upasuaji wenyewe si uchawi. Njia moja ni kulikata kovu, kuvinyoosha vidole, na mahali palipobaki wazi kupandikiza ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe. Njia nyingine, kovu likiwa jembamba kama kamba, ni hesabu tupu. Daktari hukata kwa umbo la herufi Z, apate pembetatu mbili za ngozi, kisha huzibadilisha mahali, hii ikae pale na ile ikae hapa. Nimeichora katika daftari langu la jiometri. Tuseme pembetatu ni mbili, kila upande sentimeta 4, kila pembe nyuzi 60, nazo zimeshikana kwa upande mmoja ambao ndio kovu. Ukizibadilisha, urefu mpya ni ule wa ncha hadi ncha, na kwa kanuni ya Pythagoras ni karibu sentimeta 7. Kovu la sentimeta 4 limepata nafasi ya sentimeta 7 bila kuongezwa ngozi ya mahali pengine. Mwilini faida hupungua kidogo kwa kuwa ngozi si karatasi, lakini kanuni ni hiyo. Wenzangu mnaouliza hesabu za pembetatu zina faida gani duniani, jibu moja ni hilo.

Nije katika utafiti. Wengi tukisikia neno hilo twaona nyumba kubwa yenye mitambo ya thamani. Basi nitaje mifano michache, msomaji ahukumu mwenyewe.

Mfano wa kwanza una uhusiano na wilaya yetu. Karibu na Utete kipo kijiji cha Kindwitwi, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa makao ya watu waliougua ukoma. Padre Robin Lamburn alifanya kazi nao tangu miaka ya 1960 mpaka alipofariki mwaka 1993. Wako watu katika Rufiji waliokua wakiambiwa kuwa ukoma hula vidole, na kwamba nyama ya mkoma huoza na kudondoka yenyewe. Dunia nzima iliamini hivyo, hata madaktari. Ndipo mwaka 1947, huko India ya Kusini, daktari mmoja aitwaye Paul Brand alipompa mkono mgonjwa wa ukoma mwenye vidole vilivyojikunja kama makucha, akamwambia abane. Mgonjwa alibana kwa nguvu hata daktari akaumia. Brand akajiuliza: kama mkono umeoza, nguvu hii yatoka wapi?

Kwa swali hilo alianza kuchunguza mkono mmoja baada ya mwingine, na ukweli ukajulikana. Vijidudu vya ukoma huharibu mishipa ya fahamu, hasa ule upitao kiwikoni. Misuli midogo ya kiganja hulegea na ngozi hufa ganzi, lakini misuli mikubwa ya kigasha hubaki mizima. Vidole havidondoki kwa kuoza. Hupotea kwa sababu mgonjwa hasikii maumivu: hushika sufuria ya moto bila kujua, hujikata bila kujua, na kidonda kisichouma hakitunzwi. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakakuta sehemu ya kidole haipo. Walipokesha kuangalia, waliona panya wakija usiku kuwatafuna, nao hawasikii. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa paka! Na kwa vidole vilivyojikunja, Brand na wenzake huko Vellore walitumia kano zilizo nzima. Kila kidole, isipokuwa gumba, kina kano mbili za kukikunja. Moja yaweza kuazimwa na kuelekezwa njia nyingine ifanye kazi ya msuli uliokufa. Watu waliokuwa wakiombaomba walirudi kushika nyundo na kalamu.

Leo ukoma una dawa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri kuutibu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na anayetibiwa mapema hupona kabla mkono haujaharibika. Hata hivyo Tanzania bado hupata wagonjwa wapya kila mwaka. Nalotaka msomaji alione ni hili: ugunduzi ule haukuanza na mtambo. Ulianza na mtu aliyekubali kupeana mkono na mgonjwa ambaye wengine waliogopa kumgusa.

Mfano wa pili ni wa ukanda wa mpira. Zamani kano ikikatika ndani ya kidole, mahali zinapopita kano mbili katika njia nyembamba, madaktari waliogopa kuishona siku hiyo hiyo, kwani ilinata na kidole kikakakamaa. Mahali hapo walipaita nchi isiyo na mwenyewe. Katika miaka ya 1960, Harold Kleinert na wenzake wa mji wa Louisville, Marekani, walishona kano hizo mapema, kisha wakafunga ukanda wa mpira kwenye ukucha wa kidole. Mgonjwa hukinyoosha kidole mwenyewe, na mpira hukirudisha. Hivyo kano iliyoshonwa hutembea kidogo kidogo wala hainati. Mwaka 1967 walichapisha matokeo yao, na hofu ya miaka mingi ikaanza kuondoka. Jambo kubwa katika habari hii ni mshono mzuri, ukanda wa mpira wa bei ndogo, na mtu wa kumsimamia mgonjwa afanye mazoezi.

Mfano wa tatu ni wa hofu nyingine. Madaktari walifundishwa kuwa dawa ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini isidungwe kidoleni kamwe, kwani adrenalini hubana mishipa ya damu, na kidole kitakufa. Kwa hiyo wagonjwa wengi walilazwa kwa nusukaputi kwa ajili ya kidole kimoja tu. Daktari Donald Lalonde wa Kanada na wenzake waliamua kuhesabu. Mwaka 2005 walitoa habari za wagonjwa 3,110 waliodungwa dawa hiyo katika mikono na vidole, na hapana hata kidole kimoja kilichokufa. Tangu hapo upasuaji mwingi wa mkono waweza kufanywa mgonjwa akiwa macho, akiambiwa, "Kunja kidole, tuone kama kano inafanya kazi." Fikirini faida yake kwa nchi kama yetu, ambayo wataalamu wa nusukaputi ni wachache. Hesabu iliyofanywa kwa uaminifu imeondoa gharama kubwa.

Mfano wa nne ni wa samaki. Huko Fortaleza, Brazil, madaktari waliona kuwa hawana ngozi ya kutosha ya kufunikia vidonda vya moto, lakini samaki wapo tele. Wakachukua ngozi ya perege wa mto Nile, yule ambaye watu wa Mwanza humwita sato, wakaisafisha kwa njia za kitaalamu mpaka isiwe na vijidudu, wakaijaribu juu ya wagonjwa walioungua. Majaribio yao yameonyesha kuwa hufunika kidonda vizuri, na mgonjwa haumizwi kila siku kwa kubadilishwa bandeji. Natahadharisha kuwa hii si ruhusa ya kubandika samaki mbichi kwenye kidonda nyumbani. Hiyo ni kumtafutia mtu mauti. Lakini samaki yule asili yake ni Afrika. Sisi tunakula perege toka utoto, na ngozi yake twawatupia paka. Wabrazili waliitazama ngozi hiyo hiyo wakauliza swali.

Yuko atakayesema, "Hayo ni ya India, Marekani, Kanada na Brazil. Sisi yatuhusu nini?" Namjibu kuwa Afrika Mashariki imo katika habari hii tangu zamani. Lile shirika la madaktari wa ndege, ambalo leo huitwa Amref, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, nao wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki: Michael Wood, aliyekuwa na shamba katika miteremko ya Kilimanjaro, Thomas Rees wa Marekani, na Archibald McIndoe, ndugu wa yule Gillies niliyemtaja. McIndoe alikuwa amewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Aliona kuwa wale walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, ndipo akaanza kuwaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Yeye pia alianza kwa kutazama. Wood na wenzake waliona hapa kwetu watu walioungua, walioraruliwa na wanyama, na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, wakiwa mbali na hospitali, wakakata shauri kuwafuata kwa ndege.

Wala utafiti katika Rufiji si jambo geni. Kuanzia mwaka 1998, watafiti waliweka makarani katika sehemu ya wilaya hii, zamani Kibiti haijatengwa, waliopita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wakiandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Kwa hesabu hizo wakuu wa afya walijua magonjwa gani yanawaua watoto zaidi, wakaelekeza fedha huko, na vifo vya watoto vikapungua. Wazazi wetu waliwafungulia milango makarani wale. Ikiwa tuliweza kuhesabu vifo, tutashindwaje kuhesabu mikono? Mtu aliyepoteza mkono hahesabiwi popote katika vitabu vya vifo, lakini shamba lake limelala.

Wengine watasema kwamba kwanza tumalize malaria na maji safi, kisha ndipo tufikirie vidole. Sipingi malaria kutangulizwa. Lakini mtoto huungua leo, wala hangoji zamu yake. Tena uchunguzi wa watoto walioungua, uliofanywa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa walio wengi ni watoto wadogo sana, tena walioungulia nyumbani. Hilo ni jambo liwezalo kuzuiwa kwa kuinua mafiga, kwa kuweka sufuria mbali na ukingo, na kwa kumtazama mtoto. Utafiti ndio uliotuonyesha pa kuanzia.

Na wale wasemao ni amri ya Mungu, nawajibu kwa adabu, maana bibi yangu ni mmoja wao. Ndiyo, yote ni yake. Lakini mtu akipatwa na homa hatusemi aachwe. Twampa dawa na twamwombea. Kwa nini mkono uachwe? Kutawakali si kukaa bure.

Basi nataka tufanye nini? Kwanza, hapa shuleni tuwe na daftari la majeraha. Kila mwanafunzi akiumia, iandikwe tarehe, mkono upi, kidole kipi, chombo gani, alifanyiwa nini mwanzo, na siku ngapi alikosa masomo. Jina si lazima. Mwisho wa mwaka wanafunzi wa sayansi wahesabu. Huenda tukaona kuwa majeraha mengi hutoka katika chombo kimoja chenye mpini mbovu, au katika saa moja ya jioni watu wakiwa wamechoka na wanaharakisha. Huo ndio utafiti, nao hauhitaji ila daftari na uaminifu.

Pili, tujifunze sote huduma ya kwanza ya moto: maji safi, ya baridi ya kawaida, yatiririke juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe kwa mganga. Muda huo haukubuniwa. Umepimwa kwa majaribio. Tuache dawa ya meno, unga, mayai, mafuta na barafu. Na aliyekatwa mkono, kidonda kibanwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu, aende hospitali siku ile ile.

Tatu, naomba wazazi wetu wasitoke hospitalini bila kuuliza maswali matatu: je, kila kidole kinakunjika na kunyooka? Mkono ulazwe namna gani usiku? Mazoezi ni yapi, na tuyafanye mpaka lini? Mganga mwema hachukii kuulizwa. Kama mdogo wangu angeulizwa hayo miaka mitano iliyopita, huenda leo pasingekuwa na shauri la kukaliwa.

Nne, nasema na wenzangu wa kidato cha nne ambao mtihani uko mlangoni. Wapasuaji wa aina hii ni wachache mno katika nchi yetu, na wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Njia ya kufika huko ni ndefu: kidato cha sita kwa masomo ya sayansi, miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi ya kazi, kisha miaka mingine ya kubobea. Lakini si lazima kila mtu awe mpasuaji. Muuguzi anayejua kufunga banzi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayejua ukanda wa mpira ule, wameokoa mikono mingi kwa utulivu. Tena atakayetoka Rufiji atajua bila kuambiwa mkono wa msuka ukili wahitaji kufanya nini, na wa mvuta wavu wahitaji nini. Hayo daktari wa mbali sharti aulize.

Tano, wakuu wa afya wa wilaya waziandike ajali za mikono na za moto kama waandikavyo homa, ili ijulikane ni wangapi, wa vijiji gani, na wangapi waliorudi kufanya kazi.

Kwa upande wangu, daftari nimekwisha kulinunua, na mwalimu wa baiolojia amekubali litundikwe karibu na sanduku la huduma ya kwanza kuanzia muhula ujao. Gazeti hili nalo nitalichukua nyumbani likizo, nikawasomee wazee watakapokaa. Siwezi kuwaamulia, maana mtoto ni wao na nauli ni yao. Nitawaomba tu wamtazame mdogo wangu akiandika kwa vidole viwili, kisha waseme kama vile vitatu vingine havistahili safari moja.

Nawatakia wasomaji wote likizo njema, na mikono mizima.

Mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
mzaliwa wa Mbwara